Mvinyo wa Elfu Nne na Ajira za Bata

Kaeni chini jamani, mnipe maji ninywe, halafu mtu asinikatishe, maana nikikatishwa nitaanza upya, na habari yenyewe ni ndefu, na nina kiherehere nayo tangu asubuhi.

Imetokea hapahapa nchini kwetu. Jina la nchi silitaji. Si kwamba naogopa, wala! Ni kwamba kwa sasa hatuna. Jina la zamani limechukuliwa kwenda kufanyiwa marekebisho, na kamati ya jina jipya iko kwenye semina ya wiki tisa, kwenye hoteli moja yenye bwawa la kuogelea, inajadili herufi ya kwanza. Tumeombwa tuwe watulivu. Na tumetulia, mbona.

Sasa, shangazi yangu Skolastika ana shamba la mizabibu kule Ihumbule, ekari moja na nusu. Hajawahi kutia dawa ya kopo humo, hata tone. Mbolea yake ni samadi ya ng'ombe na mbuzi. Kunguni wa majani anawarushia majivu ya jikoni. Magugu anapalilia kwa mkono, akiimba vibaya. Na viwavi, panzi na konokono wana bata. Bata kumi na saba, wanazunguka chini ya mizabibu kutwa nzima wamenyoosha shingo kama watu wanaotafuta hereni iliyodondoka. Kiongozi wao ni bata dume mnene anayeitwa Komredi, kwa sababu anatembea kifua mbele na anaongea hata pasipo na mada.

Zabibu zinazotoka hapo, mwenzangu! Nyeusi hadi zinakaribia kuwa za bluu. Tunazikanyaga kwa miguu wanawake wa ukoo mzima, sketi tumezifunga kiunoni, zinakwenda kwenye mapipa, na baada ya miezi yake unapata mvinyo mwekundu ambao ukiuinua kwenye jua unaona rangi ya kanga mpya ambayo haijaguswa na sabuni. Ukinusa, unanusa zambarau na udongo ulionyeshewa sasa hivi. Ukinywa, kwanza unakukunja ulimi kidogo, kama unakuuliza wewe ni nani, halafu unakukubali. Na asubuhi unaamka kichwa kikiwa palepale ulipokiacha.

Bei? Elfu nne chupa. Elfu nne! Na chupa unakuja nayo mwenyewe. Mzee Gaudensi, fundi cherehani, ana miaka sabini na sita, huwa anakuja na chupa ya dawa ya kikohozi iliyokuwa ya hospitali, kubwa ile. Ameiosha mara mia, lakini anasema mvinyo wake bado una harufu ya mbali ya kupona. Kila Jumamosi jioni yeye na mke wake wanakunywa vikombe viwili viwili, wanawasha redio, wanacheza rumba sebuleni madirisha yakiwa wazi, na sisi tunapitapita njiani tukijifanya tunakwenda dukani.

Hiyo elfu nne inawezekana kwa sababu moja tu. Katika nchi yetu, mvinyo wa zabibu zisizotiwa dawa haulipiwi ushuru. Ukitiwa dawa, unalipiwa ushuru wa kemikali, na ushuru huo umepangwa na watu waliokuwa na hasira. Kwa hiyo kila mwaka, kabla mapipa hayajafunguliwa, lazima mkaguzi aje athibitishe kwamba shamba ni safi.

Na mkaguzi anatoka ofisini kwetu!

Nasema "kwetu" kwa sababu mimi pia nipo pale Mamlaka ya Uhakiki wa Vitu vya Asili. Nina digrii ya sayansi ya chakula, na wakati huo nilikuwa nimejitolea pale kwa miezi kumi na moja. Kujitolea maana yake ni kufanya kila kitu ambacho mwajiriwa anafanya, isipokuwa kwenda benki. Lakini nilikuwa na furaha, kwa sababu zilikuwa zimetangazwa ajira kumi na saba za vijana, na Mkurugenzi Mkuu alikuwa ameniambia kwa mdomo wake, "Redempta, wewe tunakuona." Mama yangu alishawaambia majirani. Alishachagua hadi kitambaa cha gauni nitakalovaa siku ya kuripoti.

Basi Jumatatu moja nikatumwa Ihumbule, kubeba mkoba wa mkaguzi mpya.

* * *

Mkaguzi mpya anaitwa Bwana Tasiano. Ni mtu mnyoofu kama rula, wa aina ile ambayo ukimsalimia anatafuta mahali pa kuandika. Alishuka na futi kamba, kipimajoto, na nakala ya Sheria ya Viuatilifu kwenye nailoni ili isipate mvua. Mvua haijanyesha Ihumbule tangu Machi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Rede, mpe mgeni kiti. Si hicho, hicho kina mguu wa uongo."

Bwana Tasiano akakaa, akafungua daftari. "Mama, unatumia dawa gani kuua wadudu?"

"Situmii."

"Sasa wadudu wako wapi?"

"Wameliwa."

Kalamu ikasimama. "Wameliwa na nani?"

"Na bata," Shangazi akasema, kwa sauti ya mtu anayesema jua linatoka asubuhi.

Bwana Tasiano akageuka polepole. Komredi alikuwa hatua tatu kutoka pale, na nawaapia, wakati huohuo, mbele ya afisa wa serikali aliyevaa kitambulisho shingoni, Komredi akameza konokono mzima na nyumba yake.

Mkaguzi akaitoa Sheria kwenye nailoni. Akasoma akiwa amesimama, maana sheria haisomwi umekaa. "Kiuatilifu ni kitu chochote, kiwe cha unga, cha maji, cha moshi au cha namna nyingineyo, kinachosababisha vifo vya wadudu shambani." Akafunika. "Mama, hawa bata ni wa unga?"

"Bata wa unga?"

"Jibu swali, mama."

"Si wa unga, baba."

"Ni wa maji?"

"Maji wanayapenda."

"Kuyapenda si kuwa. Ni wa moshi?"

"Krismasi, labda."

"Basi ni wa namna nyingineyo," akasema Bwana Tasiano, na nikaona amepata amani moyoni. "Na wanasababisha vifo. Nimeshuhudia kimoja. Mama, shamba lako lina viuatilifu kumi na saba visivyosajiliwa. Kipimo chake ni kipi? Bata wangapi kwa lita ishirini za maji?"

"Mwanangu, ukimtia Komredi kwenye ndoo ya lita ishirini, itakayoomba msaada ni ndoo."

Akaandika: *Mtumiaji hajui kipimo.*

Nikajaribu kuingilia. Nikamwambia Bwana Mkaguzi, samahani, nilisoma chuoni kwamba bata ni kiumbe. Akaniangalia kwa huruma. "Wewe wa kujitolea," akasema, "chuoni mlisoma bata. Mimi nasoma sheria."

* * *

Notisi ikabandikwa kwenye mlango wa ghala kabla hatujamaliza chai. Viuatilifu kumi na saba, Daraja la Kwanza la Hatari, sababu: *vinatembea vyenyewe*. Ushuru ukipigwa, mvinyo wa elfu nne utauzwa si chini ya elfu sabini na mbili chupa. Mwisho wa kupinga ni Ijumaa, saa tisa alasiri. Na mapipa yalikuwa yafunguliwe Jumamosi!

Wakati tunasubiri, sheria za usalama zifuatwe. Ikabidi kila bata avalishwe lebo shingoni, yenye fuvu jekundu na mifupa miwili. Lebo zilikuja tayari zimechapwa, haziruhusiwi kubadilishwa: TIKISA VIZURI KABLA YA KUTUMIA. WEKA MBALI NA CHAKULA. CHOMBO KIKIISHA, KITOBOE NA UKIFUKIE. Na anayeshika bata lazima avae buti, glavu, barakoa na miwani ile mikubwa ya kuchomelea vyuma.

Shangazi, mwanamke wa miaka sitini na miwili, alfajiri akatoka hivyo kwenda kuwapa bata pumba. Bata walivyomwona walikimbia hadi kwa jirani. Ikachukua nusu siku kuwarudisha, kwa sababu kila akiwakaribia kuwabembeleza, sauti ilikuwa inatoka ndani ya barakoa kama ya mtu aliyemo kwenye pipa.

"Na kuwatikisa, nani atawatikisa?" akaniuliza, akivua miwani, jasho linamtiririka.

"Shangazi, usiwatikise."

"Nimemtikisa mmoja. Nimeogopa faini. Ameniangalia vibaya sana, Rede. Sijawahi kuangaliwa hivyo hata na marehemu mume wangu."

Mzee Gaudensi akaja na chupa yake ya kikohozi, akasoma notisi kwa kidole, neno kwa neno, mpaka kwenye ile sabini na mbili. Akairudia. Akaifunika chupa kizibo.

"Basi tutacheza bila," akasema. "Mke wangu atasema kiuno changu kimekuwa kigumu. Nitamwambia ni serikali."

Akaondoka. Hakuchechemea wala nini, alitembea vizuri tu, na hicho ndicho kilichotuuma.

"Kuna mtu wa mjini alishakuja," Shangazi akaniambia. "Anataka mapipa yote manne kwa hiyo bei kubwa, aweke hotelini kwake. Pesa nyingi, Rede. Lakini nitaishi vipi hapa? Nipande, nipalilie, hawa wanawake wanikanyagie, halafu jirani yangu apite mlangoni na chupa tupu? Ushuru ukipita, nang'oa mizabibu yote. Napanda alizeti. Alizeti haina rafiki."

Mimi shangazi yangu namjua. Anaposema anang'oa, jembe liko karibu.

* * *

Alhamisi asubuhi nikaingia kwa Mkurugenzi Mkuu, Dokta Ngwembe. Ofisi yake ina zulia ambalo ukilikanyaga unazama mpaka kwenye kifundo. Nilikuwa na tumaini, kwa sababu Dokta Ngwembe ni mpenzi mkubwa wa mvinyo wa Shangazi. Kila wiki dereva wake anachukua dumu la lita tano, "sampuli ya maabara". Maabara hatuna. Imezinduliwa mara tatu, lakini hatuna.

"Binti," akasema, akisimama ili aongee vizuri, "Serikali haina ugomvi na bata. Serikali inawathamini bata. Mimi binafsi nimekula bata nikiwa ziarani. Lakini Serikali ikianza kumtazama bata kama bata, kesho itaombwa imtazame mwananchi kama mwananchi, na tutafika wapi? Mshauri shangazi yako atumie dawa ya kopo. Ile imesajiliwa."

"Akitia dawa ya kopo, Mheshimiwa, zabibu hazitakuwa za asili tena."

"Hazitakuwa. Lakini karatasi zake zitakuwa nzuri sana."

Hapo simu ikalia. Ile nyekundu! Dokta Ngwembe akaongea nayo akiwa ameinama, kana kwamba Waziri yuko chini ya meza. "Ndiyo, Mheshimiwa… Vijana kumi na saba, Mheshimiwa… Kesho saa nane, na waandishi wa habari… Wachapakazi, ndiyo… Wa kutoka vijijini, wasio na maneno mengi… Wapo, Mheshimiwa! Wako hapa wananisikiliza!"

Akakata. Akakaa. Suti ikabaki imesimama, yeye akapungua ndani yake.

"Redempta, usaili wa zile ajira haujafanyika."

"Kwa nini, Mheshimiwa?"

"Mwenyekiti wa jopo la usaili naye anasubiri kusailiwa." Akafuta uso. "Kimbia masjala. Niletee maombi yote, tuchague yoyote."

Nikakimbia. Maombi yalikuwa elfu kumi na mbili, kwenye makabati ya mbao ukuta mzima. Nikafungua la kwanza, vumbi. La pili, vumbi. Mchwa! Mchwa walikuwa wameshasaili wote. Digrii, diploma, vyeti vya kuzaliwa, picha za pasipoti, na bahasha yangu ya kaki humo humo, imebaki kona moja yenye stempu. Masjala yetu nayo ilikuwa ya asili, haikuwahi kutiwa dawa, na haikuwa na bata.

Nikakaa sakafuni nikacheka, kwa sababu kulia kulikuwa kunataka leso. Na nikiwa pale chini ndipo nikakiona kijitabu kimoja kwenye rafu ya mwisho, kizima kabisa, hata mchwa walikikwepa. *Sheria ya Kinga ya Watumishi wa Umma.* Ilitungwa mwaka ule ambao daraja la Mto Luhembe lilizinduliwa kabla halijajengwa, msafara ukapita, wakatoka wote wameloa. Ina kifungu kimoja tu. Nikakisoma. Nikakisoma tena. Nikasimama nikakisoma nimesimama!

*Mtumishi wa umma, awapo kazini, hatahesabiwa kuwa amesababisha jambo lolote, liwe baya au zuri.*

Jamani. Kiuatilifu ni kitu *kinachosababisha* vifo vya wadudu. Na mtumishi wa umma hasababishi. Kwa hiyo bata akiwa mtumishi wa umma…

Niliruka ngazi mbili mbili.

* * *

"Mheshimiwa, wapo," nikamwambia nikihema. "Vijana kumi na saba. Wa kijijini. Wana uzoefu wa kilimo. Mkubwa wao ana mwaka mmoja na miezi miwili."

"Ni vijana kweli hao," akakubali Dokta Ngwembe.

"Ni bata, Mheshimiwa."

Nikamweleza kila kitu, sheria hii na sheria ile. Akaitazama ile simu nyekundu. Nilidhani atanifukuza, ingawa sikujua utamfukuzaje mtu ambaye hujamwajiri.

"Wana vyeti vya kuzaliwa?"

"Walitoka kwenye mayai, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo hakuna cha kughushi." Akaanza kutembea juu ya zulia, akizama na kuibuka. "Hawagomi. Hawaandiki mambo mitandaoni. Hawana mjomba atakayenipigia simu. Binti, wewe una akili ya hatari!" Akafungua droo, akatoa orodha yenye nafasi kumi na saba tupu, na kalamu ya dhahabu. "Na kwa akili hiyo, anza na jina lako. Namba moja. Redempta. Bata watajaza zilizobaki."

Kalamu ile ilikuwa nzito, mwenzangu, kama kijiko cha chuma.

Nafasi kumi na saba. Bata kumi na saba. Nikijiandika mimi, bata mmoja anabaki nje, na huyo mmoja bado ni kiuatilifu, anatembea mwenyewe, na ushuru ni uleule hata awe mmoja. Nikamwona mama na kile kitambaa, cha maua ya manjano. Nikahesabu miezi kumi na moja kwa vidole, vikaisha, nikaongeza kimoja cha mguu. Halafu nikamwona Mzee Gaudensi anafunika chupa kizibo.

Nikaandika namba moja: *Komredi.*

Nikaandika wote. Uzoefu: mwaka mzima shambani. Lugha: moja, kwa ufasaha. Anaweza kufanya kazi chini ya shinikizo: ndiyo, akiwa na njaa. Dokta Ngwembe akapiga mihuri kumi na saba bila kupumzika, huku anaimba.

"Na wewe," akasema, "endelea kujitolea. Tunakuona."

* * *

Ijumaa, saa nane, Ihumbule! Turubai, viti vya plastiki vyenye vitambaa vyeupe, kamera, matarumbeta ya shule, Waziri mwenyewe na miwani yake. Tuliwavua bata lebo dakika tano kabla, tukawafunga tai ndogo nyekundu, mabaki ya kitambaa kutoka kwa Mzee Gaudensi, alikaa cherehani usiku kucha. Wakaingia kwa mstari mmoja, Komredi mbele.

"Ndugu wananchi!" Waziri akanguruma. "Wapo wanaosema vijana wetu hawana nidhamu. Watazameni hawa! Wamepanga mstari bila kuambiwa! Hawakuuliza posho! Hawakuuliza hata mshahara! Huyu wa mbele, kijana, utaitumikia nchi yako, itakapopata jina, kwa moyo wako wote?"

"Kwaa," akasema Komredi.

"Majibu mafupi!" Waziri akamgeukia Dokta Ngwembe. "Huyu mpe cheo."

Akapewa palepale. Afisa Mwandamizi, Daraja la Pili.

Saa tisa kasoro dakika tatu, Bwana Tasiano akafika na muhuri wa ushuru. Akawatazama bata, akazitazama tai. Nikampa barua kumi na saba za ajira na kile kijitabu cha kifungu kimoja. Akasoma akiwa amesimama. Shangazi alikuwa amesimama kando ya ghala, na jembe, niliona kwa macho yangu, limeegemea mlango nyuma yake.

"Hawa ni watumishi," akasema Bwana Tasiano taratibu.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hawasababishi."

"Hawasababishi lolote, Bwana Mkaguzi. Baya wala zuri."

"Sasa wadudu wa shamba hili wanakufaje?"

"Wenyewe," akasema Shangazi.

Akafikiri. Jamani, mtu yule alifikiri mpaka saa yake ikalia saa tisa. Halafu akaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa: *Wadudu wa shamba hili hufa kwa hiari yao.* Akapiga muhuri wa kijani. Safi! Bila ushuru! Elfu nne!

Kesho yake tukafungua mapipa. Sijui niwaeleze nini. Watu walikuja na chupa, birika, chupa za chai, mmoja na chombo cha maua. Tulikunywa kwa vikombe vya bati na mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma, midomo ikawa ya zambarau kama tumetoka kubusu wino. Mzee Gaudensi na mkewe hawakungoja kufika sebuleni, walicheza palepale uwanjani, naye akaniambia akipita, "Mwaka huu harufu ya kikohozi imekwisha kabisa! Nimepona!" Na mimi kikombe cha kwanza nilikinywa macho nimeyafunga. Ulinikunja ulimi, ukaniuliza mimi ni nani. Nikauambia, sina kazi, lakini nipo. Ukanikubali.

* * *

Ngojeni, sijamaliza! Hiyo ilikuwa mwaka jana. Ya mwaka huu ndiyo iliyonikimbiza hapa.

Bata, baada ya kuajiriwa, waliacha kazi. Si kuacha kabisa, hapana, kuripoti waliripoti. Mshahara wao wa mahindi unafika mwisho wa mwezi, wanashiba, wanalala kivulini. Jumatano ni semina elekezi, bwawani. Mimi naripoti kwa Komredi, maana kwa cheo ananizidi. Nikitaka ruhusa ya siku moja namkamata, namkanyagisha kwenye wino, namkanyagisha kwenye karatasi. Mara mbili amenikatalia kwa kukimbia.

Viwavi wakarudi. Majani yakaanza kuwa na matundu. Shangazi akaanza kuliangalia jembe tena.

Halafu bata jike wanne, waliokuwa likizo ya uzazi, likizo yenyewe yenye malipo, wakaangua. Vifaranga thelathini na nane! Hawana barua, hawana tai, hawana mahindi ya mwisho wa mwezi. Basi alfajiri wanaingia chini ya mizabibu na hawatoki mpaka jua linazama. Katika wiki tatu ungetafuta kiwavi kwa tochi.

Na leo asubuhi Bwana Tasiano amekuja kukagua. Shangazi alikuwa amekwenda mnadani, mimi niko peke yangu na jagi la mvinyo uliobaki mwaka jana. Akasimama akaona vifaranga thelathini na nane wanameza wadudu mbele yake.

"Na hawa?" akauliza. "Barua zao za ajira?"

Nikafikiri nidanganye. Nikashindwa. "Hawana, Bwana Mkaguzi. Hawapo kwenye mfumo."

Akatoa ile kompyuta yake ndogo, akabofya, akangoja, akabofya. Akainua kichwa, uso umetulia kabisa. "Kweli. Hawapo." Akawapita kwa uangalifu, akiinua buti juu ili asimkanyage hata mmoja kati ya wale wasiokuwepo. Akafika mbele yangu.

"Na wewe? Una mwaka wa ngapi sasa pale ofisini?"

"Wa pili, unakaribia kwisha."

Akabofya jina langu. Akangoja. Nami nikangoja, maana, jamani, moyo ni moyo, huwezi kujua. Akafunga kompyuta.

"Na wewe hupo," akasema, kwa upole kuliko nilivyotegemea.

Akaandika kwenye fomu: *Shamba safi. Wadudu wanaendelea kufa kwa hiari yao. Shambani hapakuwa na mtu.* Akapiga muhuri wa kijani, akakaa kwenye kile kiti chenye mguu wa uongo, akavua kofia. Nikammiminia kikombe. Akanywa. Akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, kwa mtu mnyoofu vile, akawa amepinda kidogo.

Halafu akakisukuma kikombe mbele yangu, akatazama pembeni, kwenye mizabibu, kwa heshima kabisa.

"Kama kuna mtu ambaye hayupo," akasema, "naomba aniongeze."

Nikamwongeza.